Ini Halijui Jina la Pombe

Mabibo yakianza kudondoka Newala na Tandahimba, kusini mwa Tanzania, harufu yake hukupokea barabarani kabla hujauona mkorosho wenyewe, na mazungumzo kuhusu pombe nayo huanza upya kila penye kivuli. Miaka hii yamechanganyika na habari iliyofika kwenye simu zetu ikiwa imekatwa kichwa na miguu, kwamba Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Tamko hilo lilitolewa Januari 2023, na miaka miwili baadaye, Januari 2025, Vivek Murthy, ambaye wakati huo alikuwa mganga mkuu wa serikali ya Marekani, akapendekeza onyo la saratani liandikwe kwenye chupa za vileo. Huku kusini maneno hayo yamepokewa kwa namna mbili. Wapo walioyasikia kuwa glasi moja na kreti zima ni mamoja, wakayatupa, kwa kuwa kila mmoja wao anamjua mzee aliyekunywa glasi yake miaka hamsini asidhurike. Na wapo waliodhani yanahusu bia na vileo vya viwandani tu, wala hayaugusi uraka wa mabibo, tembo la mnazi au nipa, ile gongo ya mabibo, vinywaji vya nyumbani ambavyo tunaambiwa kila siku kwamba havina kemikali.

Kwa maoni yangu makundi haya mawili, ingawa hayaelewani, yamekosea mahali pamoja. Tumezoea kuipima pombe kwa jina lake: hii kali na hii laini, hii ya asili na hii ya kiwandani, hii halali na hii ya magendo. Majina hayo yana maana sokoni na mahakamani, lakini ini halina masikio ya kuyasikia. Kinacholifikia ini ni ethanoli, kitu kilekile kimoja kinacholevya katika vinywaji vyote hivyo, na kinachoamua madhara ni gramu ngapi zimeingia, kwa muda gani, na mara ngapi. Tamko la 2023 likisomwa hivyo halituambii kwamba viwango vyote ni sawa. Linasema madhara hupanda pamoja na kiasi, na kwamba hakuna mstari ambao chini yake mtu anaweza kuapa kuwa hatari imekwisha kabisa. Kati ya kusema hatari haifiki sifuri na kusema hatari zote ni sawa pana umbali mkubwa, na wanywaji wengi wa Mtwara na Lindi wanaishi ndani ya umbali huo bila kuambiwa wako upande gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha gramu 10 za ethanoli kuwa kinywaji kimoja. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli, na kwa kuwa ethanoli ni nyepesi kuliko maji, uzito wake ni karibu gramu 20. Yaani bia moja ya kwetu, ambayo mnywaji huihesabu kuwa moja, kwa kipimo hicho ni mbili. Chupa ndogo ya mililita 200 ya kileo kikali cha asilimia 35 ina gramu zipatazo 55, karibu sawa na bia tatu. Sasa mchukue bwana anayejisifu kwamba yeye hagusi vikali, ni mtu wa bia tu, halafu Jumamosi amalize chupa sita. Amekunywa gramu 120, zaidi ya mara mbili ya jirani yake aliyejificha nyuma ya banda na kachupa kake, na bado ndiye atakayempa jirani huyo nasaha za kuacha ulevi.

Vinywaji vyetu vya nyumbani vina tatizo la ziada, kwamba nguvu yake haitulii. Tembo lililogemwa asubuhi ni tamu na karibu ni kinywaji cha mtoto, lakini uchachu huanza tangu likiwa bado mnazini, na kufikia alasiri limeshakuwa kileo kamili, wakati mwingine sawa na bia nyepesi. Likiachwa zaidi huelekea kuwa siki. Uraka vivyo hivyo: maji ya mabibo yaliyokamuliwa leo hayafanani na yaleyale kesho, ingawa ndoo ni moja, kopo ni lilelile na bei haijabadilika. Kwa hiyo mtu anayesema yeye huishia makopo manne amesema idadi ya makopo, na bado hajasema kiasi cha pombe. Nitaongeza, kwa utani kidogo, kwamba yule mgema wa methali anayesemwa kwa kulitia tembo maji akisifiwa, kwa hesabu ya gramu anawatendea wateja wake wema asioukusudia.

Turudi kwenye tamko lenyewe, maana uzito wake ni mkubwa kuliko kejeli tunazolifanyia. Pombe iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, kundi moja na moshi wa sigara. Ini linapoivunja ethanoli hutengeneza kwanza asetaldehaidi, kitu chenye sumu kinachoharibu vinasaba vya chembe za mwili kabla hakijageuzwa kuwa kitu kisicho na madhara. Saratani zinazohusishwa na pombe ni za kinywa, koo, kisanduku cha sauti, umio, ini, utumbo mpana na titi, na ya titi ni mfano mzuri wa kosa letu, kwa sababu kwake hatari huanza kupanda hata katika unywaji mdogo, wa kinywaji kisichozidi kimoja au viwili kwa siku. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2024 ilikadiria kwamba pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019, vikiwamo vya wanaume milioni 2.

Lakini hatari hiyo hupandaje? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, ambao ndio uliotia nguvu usemi wa kwamba hakuna kiwango salama, ulitoa mfano unaostahili kubandikwa ukutani. Kati ya watu 100,000 wasiokunywa kabisa, 914 kwa mwaka hupata moja ya maradhi au majeraha yanayohusishwa na pombe, kwa sababu nyingine. Wakinywa kinywaji kimoja cha gramu 10 kila siku, idadi huwa 918. Wakinywa viwili huwa 977, na wakinywa vitano huwa 1,252. Anayesema kimoja na vitano ni mamoja hajasoma namba hizi, na anayesema kimoja hakina neno kabisa naye hajazisoma. Ila kumbuka kipimo: viwili hapo ni bia moja ya kwetu, na vitano ni bia mbili na nusu, kiasi ambacho mezani kwetu mtu akiishia hapo huulizwa kama anaumwa.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Kwa miongo kadhaa tafiti zilionyesha kwamba wanywaji wa kiasi kidogo huishi muda mrefu kuliko wasiokunywa, hasa kwa magonjwa ya moyo, na Desemba 2024 jopo la taasisi za taifa za sayansi za Marekani lilirudia kuona uhusiano huo, huku likikiri kwamba kwa wanawake saratani ya titi huongezeka. Mapitio ya mwaka 2022 ya takwimu za dunia nayo yalikubali kwamba kwa watu waliovuka miaka 40 kiasi kidogo sana huenda kikaambatana na nafuu fulani, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 39 hakuna nafuu yoyote iliyoonekana, isipokuwa ajali, ugomvi na majeraha. Wanaoipinga picha hiyo wana hoja nzito: katika kundi la wasiokunywa mara nyingi huwamo watu walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, na ukimlinganisha mzima na mgonjwa utamsifu mzima kwa kitu ambacho hakikumponya. Mwaka 2019 watafiti waliowafuatilia Wachina zaidi ya 500,000 walitumia tofauti za vinasaba zinazowafanya baadhi ya watu wasiivumilie pombe, na kinga ile dhidi ya kiharusi iliyokuwa ikidhaniwa ikayeyuka. Mizani yangu inaegemea upande huu wa pili. Hata hivyo, ubishi wote huo unahusu kinywaji kimoja kwa siku. Kuhusu chupa sita za Jumamosi wanasayansi hawabishani.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi vilabuni, ni ya babu aliyekunywa akafika miaka tisini. Walioondoka wakiwa na arobaini na tano hawako kwenye benchi kutoa ushahidi. Tena hata tukimkubali babu huyo, tumwangalie vizuri alikunywa nini. Alikunywa uraka wa msimu, miezi michache ya mabibo, na pombe ya mtama panapo ngoma au mavuno. Mjukuu wake anaishi katika uchumi mwingine: korosho zikipigwa mnada, malipo yakaingia kwa mkupuo kupitia chama cha ushirika, Novemba na Desemba huwa na fedha ambazo miezi mingine haina, na kileo sasa kinapatikana mwaka mzima, baridi, kwenye jokofu, hata kijijini. Mtu anayekunywa bia kumi na nne katika siku mbili za malipo na mwingine anayekunywa moja kila siku kwa wiki mbili wana wastani mmoja kwenye karatasi. Wa kwanza ndiye tunayemwokota kando ya barabara ya Masasi.

Hapo ndipo nipa inapoingia. Uzalishaji wa gongo bila leseni ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966 inayoiita moshi, na tangu hapo hoja ya kuirasimisha imekuwa ikizama na kuibuka. Kusini ina nguvu ya pekee kwa sababu ya mabibo. Bibo lina uzito mara kadhaa kuliko korosho inayoning'inia chini yake, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na bado sehemu kubwa huozea shambani. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba yanaweza kuwa sharubati, jemu na mvinyo, lakini mwanamke wa kijijini mwenye pipa, bomba na kuni hasubiri kiwanda. Yale asiyoyawahi yakiwa mabichi huyakausha yakawa kochoko, akapata kazi hata msimu ukiisha. Wanaotaka nipa ihalalishwe hutaja Goa, nchini India, ambako kinywaji cha mabibo kiitwacho feni kilipewa mwaka 2009 ulinzi wa jina la asili yake kijiografia. Wanaopinga hutaja vipofu na misiba.

Pande zote mbili zinashika jina tena. Upande mmoja unasema nipa ni ya asili, kwa hiyo haina neno. Mwingine unasema ni haramu kisheria, kwa hiyo ni sumu. Kuhusu uasili, ni kweli kwamba hakuna aliyetia kitu kwenye pipa, lakini kemikali iliyo hatari kuliko zote mle ndani ni ethanoli yenyewe, na hata methanoli kidogo, ile pombe nyingine yenye sumu inayopofusha, hutoka kwenye tunda, kutokana na pektini yake. Kuhusu upofu, methanoli ya tunda kwa kawaida ni ndogo mno kuweza kuua. Vifo vya halaiki tunavyovisikia, kama vile vya Nairobi Novemba 2000 ambako zaidi ya watu 100 walikufa, hutokea pale mtu anapoongeza methanoli ya viwandani ili kileo kiwe kikali kwa bei rahisi. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, na dalili huchelewa saa kadhaa, mgonjwa akidhani ni uchovu wa kawaida wa pombe. Macho yakiona ukungu baada ya kunywa, ni hospitali wakati huohuo, maana tiba ipo na muda ndio unaoamua.

Nilipokuwa kijana, mjomba wangu mmoja alinifundisha namna ya kuitambua nipa nzuri. Alimimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akawasha kiberiti. Mwali ukatambaa kimya, wa bluu, mwembamba kiasi kwamba ilibidi aukinge na kiganja ili niuone. "Ona, mjomba," akaniambia, "ikiwaka bluu hii, kunywa bila wasiwasi." Niliamini hivyo kwa miaka. Ethanoli huwaka bluu, ni kweli, lakini methanoli nayo huwaka bluu, tena hafifu zaidi, isiyoonekana juani. Kitu pekee ambacho moto ule ulimthibitishia mjomba ni kwamba maji yalikuwa machache, yaani kileo kilikuwa kikali. Alichukua kipimo cha ukali akakigeuza kuwa cheti cha usalama. Wapo pia wanaoamini kwamba wakimwaga matone ya kwanza yanayotoka kwenye bomba, methanoli yote imeondoka. Matone hayo huondoa vitu vingi vyepesi vyenye kuudhi, ila methanoli hujigawa katika mtiririko mzima na haitengeki kirahisi hivyo kwa pipa la nyumbani. Mabomba na mapipa yenyewe, yaliyowahi kubeba mambo mengine, ni habari nyingine nisiyotaka kuifungua hapa.

Kwa hiyo sababu yangu ya kuiogopa nipa ni ya kawaida kuliko zinazosimuliwa: chupa haina namba. Anayeinywa hawezi kujua kama ni asilimia 30 au 50, na asiyejua hilo hawezi kuhesabu hata akitaka. Sababu hiyohiyo ndiyo hoja bora ya wanaotaka irasimishwe, kwani leseni inaweza kuleta vipimo, kuondoa udanganyifu wa methanoli na kuandika asilimia kwenye lebo. Wasichopaswa kuahidi ni kwamba leseni itaifanya salama. Feni yenye muhuri wa serikali ina ethanoli ileile, na siku nipa itakapopata lebo na kupangwa kwenye rafu yenye taa, gramu zake hazitapungua hata moja.

Muda nao tunaudanganya, na hapa makosa yetu huua haraka. Ini huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kinachoweza kulisukuma liende mbio zaidi. Kahawa ya tangawizi, maji baridi kichwani, supu ya pweza, kutapika na kutoka jasho vyote vina raha yake, lakini kahawa humpa mlevi macho tu, naye hubaki mlevi aliye macho. Kuzimua asubuhi ni kukopa kulipa deni. Mchukue kijana wa bodaboda wa Mtwara mjini aliyekunywa bia nne kati ya saa mbili na saa tano usiku. Ni gramu 80, na hata tukiliacha ini lianze kazi tangu chupa ya kwanza, litamaliza kati ya saa kumi alfajiri na karibu saa moja na nusu asubuhi. Saa kumi na moja anakwenda stendi kupokea abiria wa mabasi ya mapema, amelala, ameoga, ananukia sabuni, na anaamini kwa moyo safi kwamba pombe ni mambo ya jana.

Wavuvi wana kosa lao la kufanana na hilo. Wakati wa kusi, upepo unapokata mifupa, wapo wanaoingia baharini na kachupa ka kupasha mwili joto. Joto analolihisi mnywaji ni damu iliyosogezwa kwenye ngozi, ambako baharini ndiko inakopozwa; ndani mwili unazidi kupoa huku mtu akihisi vuguvugu, na uamuzi wake kuhusu wimbi na kamba umeshalegea.

Na kuna sifa ya kichwa kigumu. Mtu anayekunywa wengine wakaanguka yeye akabaki anahesabu chenji hupewa heshima, kana kwamba amekingwa. Ubongo wake umezoea, basi. Ini, moyo na umio havijazoea chochote, na kwa kuwa halewi mapema huendelea kunywa hadi kiasi ambacho mwenzake asingekifikia. Kwa daktari, kuhitaji nyingi ili uhisi kidogo ni moja ya dalili za utegemezi. Zile nyingine nitazipita haraka: bia haioshi figo wala haitibu maambukizi ya njia ya mkojo, ni maji mengi yenye kukojoza ambayo maji matupu yangeyafanya vizuri zaidi, na mama anayenyonyesha akipewa pombe ili maziwa yashuke, homoni inayoyasukuma maziwa hupungua nguvu, mtoto akapata machache, yenye pombe ndani yake. Kwa mjamzito hakuna kiwango ambacho daktari yeyote makini atakiidhinisha.

Dawa ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa sababu hapo kosa limevaa joho la uangalifu. Wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanaamini kwamba pombe na ARV zikikutana tumboni huwa sumu, hivyo siku ya kunywa huacha kidonge. Wamesikia onyo la kweli, usichanganye pombe na dawa, wakalitekeleza kwa kuondoa kile kisichopaswa kuondolewa. Kwa dawa za kufubaza virusi zinazotumika sana sasa, hatari kubwa ni dozi iliyorukwa, kwa sababu virusi hupata nafasi ya kujenga usugu. Aliyekunywa anatakiwa ameze kidonge chake kwa wakati uleule, kisha apunguze pombe. Kifua kikuu ni tofauti kidogo, maana baadhi ya dawa zake hulielemea ini na pombe huongeza mzigo huo, lakini hata huko jibu ni kuacha pombe na kumweleza mhudumu ukweli, dozi ikaendelea. Hapa hatuzungumzii jambo la pembeni: ulevi ni miongoni mwa visababishi vikuu vitano vinavyochochea kifua kikuu duniani, na katika orodha ya mwaka 2021 hadi 2025 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Najua pingamizi zito linalokuja, nami nalipa heshima yake. Katika mwambao wetu, ambako Waislamu ni wengi, wapo watakaosema kwamba kumfundisha mtu kuhesabu gramu ni kumpa ruhusa, na kwamba kwa aliyekatazwa kidogo na kingi hesabu haina kazi. Kwa anayeacha kwa imani yake mjadala umekwisha, na kiafya hana alichokosa. Katazo lake halihitaji kusaidiwa na takwimu zilizotiwa chumvi. Shida ni yule ambaye tayari anakunywa. Ukimwambia kwamba kopo moja na mtungi mzima ni dhambi moja na maradhi mamoja, umemwondolea sababu ya kusimama kwenye kopo la pili. Sijaona mtu aliyeanza kunywa kwa sababu aliambiwa bia moja ni vipimo viwili, ila nimeona walioshtuka.

Tukikubali kwamba kiasi ndicho kinachoamua, baadhi ya mambo tuliyoyafanya kama taifa yataonekana kwa sura nyingine. Marufuku ya viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya kileo kikali, iliyotangazwa na Kassim Majaliwa, mwana wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu, na kuanza tarehe 1 Machi 2017, ilipita kupitia kanuni za mazingira, kwa hiyo wengi waliiona kuwa vita ya takataka za plastiki au dhidi ya aina fulani ya kileo. Nguvu yake ilikuwa kwingine, katika kuvunja kifungashio kilichoweza kununuliwa kwa chenji ya chapati na kufichwa kwenye soksi ya mwanafunzi. Leo tunaweza kuendelea hapo: chupa iseme ina vipimo vingapi, kwa tarakimu kubwa, badala ya asilimia iliyojificha karibu na namba ya kiwanda, na vilabu vya pombe za kienyeji viwe na kopo la ujazo unaojulikana, jambo ambalo halmashauri inaweza kulifanya bila kusubiri Bunge.

Zahanati nazo zingebadilisha swali. Shirika la Afya Duniani lina maswali kumi, yaitwayo AUDIT, yaliyochapishwa mwaka 1989, ambayo humuuliza mtu anakunywa mara ngapi na kiasi gani kwa siku, lakini kwetu yanahitaji mtu wa kuyageuza kuwa makopo, majagi na chupa za soda. Vinginevyo tunauliza kwa mkato kama unakunywa pombe, na jibu linafuata jina. Mwaka jana nilimsindikiza kupima presha mjomba yuleyule wa mwali wa bluu, ambaye sasa ni mzee na nipa ameshaiacha. Muuguzi alimuuliza kama anatumia pombe, akajibu hapana, naye akaandika hapana. Tulipotoka nikamwuliza mbona amemjibu hivyo, na jana yake tulikuwa wote chini ya mkorosho. Alinitazama kwa mshangao usio na hila hata kidogo.

"Mjomba," akasema, "ule si ulikuwa uraka?"